Barua ya wazi: Msiigawe ardhi iliyo nyuma ya mikoko

Kwa Waziri wa Mazingira, Mabadiliko ya Tabianchi na Misitu,
Kwa Mwenyekiti wa Tume ya Taifa ya Ardhi,
Kwa Mkurugenzi Mkuu wa NEMA, mamlaka ya mazingira,
Na kwa Magavana wa Kilifi, Tana River na Lamu.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu, ombi langu ni moja, na nalitanguliza ili karani anayewasomea barua asihangaike kulitafuta mwishoni. Simamisheni ugawaji wa nyanda za chumvi zilizo nyuma ya mikoko, kuanzia mdomo wa Mto Sabaki hadi Kipini na kwenye visiwa vya Lamu, mpaka zipimwe na kuingizwa kwenye ramani kama sehemu ya bahari. Nasema zile nyanda ambazo maji huzifikia siku za bamvua tu, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo na bahari ikijaa kuliko kawaida, kisha huziacha zikauke na kupasuka mpaka mwezi ugeuke.

Najua swali la kwanza litakuwa lipi. Mtu wa mtaa wa Umoja, Nairobi, na tope la Magarini, Kilifi, wapi na wapi? Mimi ni mpima ardhi. Ofisi ninayofanyia kazi iko katikati ya jiji, mbali na mawimbi yote, lakini kazi hutupeleka popote penye kipande cha ardhi kinachotaka kukatwa. Na hata kama nisingewahi kutoka Nairobi, bado ningekuwa na haki ya kuandika. Maji yanayopita chini ya mzunguko wa Globe, yakazoa uchafu wa Gikomba, Korogocho na Dandora, hujiunga na Mto Athi. Athi huteremka Ukambani, ikaitwa Galana ndani ya Tsavo, ikaitwa Sabaki kabla ya kumwagika baharini kaskazini mwa Malindi. Maji tunayokunywa nayo tunayachota zaidi kwenye bonde la mto mwingine. Bwawa la Ndakaini, lenye lita bilioni 70 likijaa, limeziba Mto Thika, na Thika ni tawimto la Tana. Stima ya Masinga na Kiambere ni Tana hiyo hiyo. Kwa hiyo mito miwili inayolisha tope la pwani ya kaskazini hupitia mikononi mwa Nairobi kwanza, mmoja tukiuchafua na mwingine tukiunywa. Na chumvi tunayotia kwenye mboga, nyingi yake hutoka huko huko, Gongoni na Marereni.

Vinamasi vya chumvi vinavyosifiwa duniani haviko kwetu. Viko kwenye pwani za baridi: Essex na Norfolk kule Uingereza, ukingo wa Uholanzi na Ujerumani, na Marekani kuanzia Massachusetts hadi Georgia. Huko baridi imeizuia mikoko, kwa hiyo nyasi ndizo zilizotawala, kijani hadi macho yachoke, bahari ikiingia na kutoka kupitia vijito vilivyopindapinda. Kwetu mikoko imeshika mstari wa mbele. Mimea midogo ya chumvi imesukumwa nyuma, mahali ambapo maji hufika mara chache na jua hukausha yanayobaki, hata chumvi ya udongo ikaizidi ile ya bahari yenyewe. Mkandaa, mkoko wa aina moja, haukui vizuri hapo. Mchu, mkoko wa aina nyingine, hujaribu, ukabaki mfupi, wa kumfika mtu kiunoni.

Kwa mbali uwanda huo unaonekana kama mahali palipokufa. Ukiinama ni jambo jingine. Kuna vijiti vya kijani vilivyovimba, pingili juu ya pingili, vingine vimegeuka rangi ya damu ya mzee. Ukivunja kimoja na kukitafuna, maji yanatoka, na ni chumvi tupu. Chini yake kuna utando mweusi wa mwani uliokauka na kujikunja kingo kama chapati iliyosahauliwa juani, na karibu kila ufa una tundu la kaa. Ukichimba kwa panga kina cha mkono hadi kwenye kiwiko, unafika kwenye tope jeusi linalonuka yai viza.

Harufu hiyo ndiyo habari yenyewe. Ndani ya tope hilo hakuna oksijeni. Mizizi na majani yanayofukiwa humo huoza polepole mno, na kaboni ambayo mmea uliivuta kutoka hewani hubaki chini kwa karne nyingi tope lisipovurugwa. Kinamasi cha maji baridi nacho huhifadhi kaboni, ila hutoa kwa wingi methani, gesi inayoipasha dunia joto. Maji ya bahari yana salfeti, na vijidudu vinavyoitumia huwanyang'anya chakula wale wanaotengeneza methani. Ndiyo maana Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lililo hapa hapa Gigiri, lilipotoa mwaka 2009 ripoti yake ya kaboni ya buluu, yaani ile inayohifadhiwa na mimea ya pwani na bahari, liliviweka vinamasi vya chumvi bega kwa bega na mikoko na nyasi za baharini. Mwaka 2013 jopo la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, likatoa mwongozo wa namna nchi zinavyoweza kuihesabu kaboni ya makundi hayo matatu. Kenya ilipowasilisha ahadi yake iliyosasishwa mwaka 2020, ile ya kupunguza gesijoto kwa asilimia 32 kufikia 2030 ikilinganishwa na mambo yakiachwa yaende yenyewe, kaboni ya buluu ilitajwa.

Lakini sitaki kuwauzia mbuzi kwenye gunia. Uwanda wetu wenye mimea haba haushiki kaboni nyingi kama msitu wa mikoko, wala haufikii kinamasi cha Georgia. Mradi wa Mikoko Pamoja kule Gazi, Kwale, unaouza kaboni tangu 2013 na kulipia mambo ya vijiji, unasimama juu ya hekta 117 za mikoko na takriban tani 3,000 za kaboni dioksidi kwa mwaka. Mtu akija ofisini kwenu akiwaambia kwamba uwanda mtupu wa Magarini utaleta fedha kama za Gazi, mwulizeni amepima wapi na kwa kina gani. Sitashangaa akiaga mapema. Vivyo hivyo kwa nguvu ya kuvunja mawimbi. Mwaka 2014 wanasayansi walihamishia vipande vya kinamasi kwenye tangi kubwa la mawimbi huko Hannover, Ujerumani, wakaona kwamba kwenye mita 40 za mimea, hadi asilimia 60 ya upungufu wa mawimbi ilitokana na mimea yenyewe. Hayo ni majani ya kwao, yanayopigwa na bahari moja kwa moja. Kwetu kazi hiyo hufanywa na mikoko iliyo mbele.

Thamani ya nyanda zetu ni nafasi.

Bahari inapanda. Kati ya 1901 na 2018 ilipanda kwa wastani wa sentimita 20 duniani, na kasi haikubaki ile ile. Kati ya 2006 na 2018 ilifika milimita 3.7 kwa mwaka. Mikoko ina ujanja wake: mizizi hunasa tope, tope hupanda, msitu hupanda nalo. Ujanja huo una kikomo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliosoma tabaka za kale za mikoko kutoka sehemu nyingi za dunia, ulionyesha kwamba kasi ya bahari ikipita milimita 6 au 7 kwa mwaka, mikoko haiwezi tena kujiinua ilipo. Hapo huwa imebakiwa na njia moja, kurudi nyuma. Mchu hutangulia, mingine ikafuata, na uwanda wa chumvi wa leo ukawa msitu wa mjukuu. Uwanda nao, ukipata mteremko mdogo nyuma yake, husogea vile vile. Kusini mashariki mwa Australia jambo hilo limeshaonekana kwa miaka mingi, mikoko ikiingia kwenye vinamasi, na vinamasi vyenyewe vikikosa pa kwenda kwa sababu nyuma yake kuna nyumba na barabara. Mwaka 2013 serikali yao iliviorodhesha kama mazingira yaliyo hatarini.

Sasa piga picha ya kwetu. Mbele bahari, katikati mikoko, nyuma ukuta wa udongo wa bwawa la chumvi, au ua wa seng'enge wa mtu aliyeko Nairobi anayengoja bei ipande. Tumeilinda mikoko kwa sheria, tukaufunga mlango wake wa nyuma.

Miaka kadhaa iliyopita nilitumwa Magarini kukata kipande kwa mteja ambaye simtaji. Mchoro niliopewa ulionyesha mahali peupe pasipo na alama yoyote, si mto, si msitu, si nyumba. Yalikuwa maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana, na uwanda ulikuwa mkavu kiasi kwamba gari letu liliuvuka bila kuacha alama ya maana. Tukaweka bikoni za zege, alama za mipaka. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na mbuzi wake alisimama akatutazama, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mnawapimia samaki?" Vijana wangu walicheka. Wiki iliyofuata, mwezi ukiwa mpevu, nilirudi kukamilisha vipimo nikakuta maji yametanda juu ya shamba la mteja, kina cha kifundo cha mguu, na visamaki vyembamba vikiizunguka bikoni ya kaskazini. Baada ya muda yalitoka yalivyoingia. Nilieleza nilichokiona kwa ofisi iliyohusika. Nikajibiwa kwamba siku ya upimaji ardhi ilikuwa kavu, na kwamba fomu haina mahali pa kuandika bamvua. Hati ikatoka.

Hapo ndipo sheria inapohitaji mkono wenu. Katiba, ibara ya 62, inasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Ni maneno mazuri. Swali la mpima ardhi ni: maji kujaa ya siku gani? Mombasa tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4 siku za bamvua, na hupungua sana siku za maji mafu. Kwenye ardhi iliyo tambarare kama sakafu, tofauti ndogo ya kimo huwa mamia ya mita ya shamba. Na maji kujaa ya mwaka gani? Bikoni haitembei, alama ya maji inatembea, na kwa kasi ya sasa inatembea upande mmoja tu. Tuna kanuni za 2009 za ardhi oevu, kingo za mito, fukwe za maziwa na za bahari. Delta ya Tana iko kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu muhimu duniani, tangu 2012, hekta 163,600. Nyavu zipo. Matundu yake ndiyo makubwa kuliko samaki tunayemtafuta.

Sidai kwamba mashamba ya chumvi yafungwe. Watu wanakula kupitia hayo, nami nikiwemo. Nasema yasipanuliwe hata kwa hekta moja kuelekea baharini au kuelekea nyanda zilizobaki. Malalamiko ya huko si mapya: Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikwenda Magarini, ikawasikiliza watu hadharani, na ripoti yake ya 2006 ikaeleza habari za watu kuondolewa kwenye ardhi, mazingira kuharibiwa, na hali ya wafanyakazi. Iko kwenye makabati yenu. Zaidi ya hapo, bwawa lolote la chumvi lililoachwa likabaki na kuta zake lifunguliwe. Ukuta ukitobolewa mahali panapofaa, maji hurudi yenyewe, tope hufuata, na mbegu huja na maji bila bajeti ya miche. Waingereza, watu waliojenga kuta dhidi ya bahari kwa karne nyingi, wameanza kuzibomoa kwa hiari yao. Mwaka 1995 walitoboa ukuta huko Tollesbury, Essex. Mwaka 2013 walifanya kubwa zaidi huko Medmerry, Sussex: wakajenga kuta mpya zenye urefu wa kilomita 7, ndani zaidi, kuzunguka makazi ya watu, kisha wakaukata ule wa zamani na kuiachia bahari takriban hekta 180. Hawakufanya hivyo kwa kuipenda bahari. Walipiga hesabu ya kukarabati ukuta kila baada ya dhoruba, wakaona hailipi.

Mheshimiwa Waziri, hili ni lako peke yako. Kampeni ya miti bilioni 15 kufikia 2032 ina nia njema, na mimi mwenyewe nilishika jembe tarehe 13 Novemba 2023 tulipopewa sikukuu ya kupanda miti. Ila kampeni inayohesabu miche huwa na njaa ya mahali peupe pa kuipanda, na hakuna mahali peupe kuliko uwanda wa chumvi. Kwa vipimo vyetu wenyewe, msitu wa Kenya ni nusu hekta au zaidi, miti inayoweza kufika mita 2, na kivuli cha angalau asilimia 15. Uwanda wa chumvi hauingii hapo hata ukiusaidia, kwa hiyo kwenye takwimu za misitu ni sifuri, na sifuri inaalika mtu aje aifanye kitu. Sri Lanka ilijifunza kwa gharama. Baada ya tsunami ya 2004 mikoko ilipandwa kwa pupa, na watafiti waliporudi kukagua maeneo 23, tisa hayakuwa na mche hata mmoja uliopona. Kati ya hekta 1,000 na zaidi zilizopandwa, zilizofanikiwa hazikufika robo. Miche mingi iliwekwa mahali ambapo maji hayafiki inavyotakiwa, au yanazidi. Tafadhali toeni agizo kwa maandishi kwamba nyanda za chumvi si mahali pa kupanda chochote. Mchu ukiona wakati umefika, utajipanda.

Kuhusu tope lenyewe nitasema kwa kifupi, ingawa wahandisi wa mabwawa hawatalipenda. Kinamasi hupanda na bahari kikilishwa. Mabwawa ya Tana, kutoka Kindaruma ya 1968 hadi Masinga ya 1981 na Kiambere ya 1988, hukamata udongo ambao ungefika delta. Huko Louisiana, Marekani, kuta za kuzuia mafuriko ziliunyima ukingo tope la Mississippi, mifereji ikakatwa humo humo, na tangu miaka ya 1930 zaidi ya kilomita 4,500 za mraba za ardhi zimegeuka maji. Sabaki kwa sasa ina shida ya kinyume. Udongo wa mashamba ya Ukambani unateremka mwekundu hadi ghuba ya Malindi, umezidi kuliko unavyotakiwa. Bwawa la Thwake, huko huko Ukambani kwenye maji ya mto huo, likianza kazi, mizani itapinduka upande wa pili. Ningependa kuona ratiba ya kufungulia maji ya mabwawa haya inayomtaja mtu wa delta kwa jina lake, kwa sababu Kipini na Ozi chumvi inaingia mashambani kila mto unapopungua nguvu, na mkulima wa mpunga huko hana mita ya kusoma maamuzi yanayofanywa Nairobi.

Mkitaka kujua gharama ya kuchelewa, hakuna haja ya kupanda ndege. Shukeni Mathare au Mukuru. Kwa miaka mingi kingo za mito ya jiji hili ziligawanywa, zikakodishwa, zikajengwa, na kila aliyepaswa kuona alikuwa na fomu inayosema pamekauka. Masika ya 2024 mito ilirudi kudai chake. Watu walikufa. Kisha yakaja matingatinga kuwaondoa waliobaki ndani ya mita 30, na waliotolewa ni wapangaji wa mabati, si waliotia sahihi. Nyanda za chumvi bado zina bahati ambayo Mathare haikuwa nayo: sehemu kubwa hakuna anayelala juu yake. Kuziacha leo hakumfukuzi mtu kitandani.

Bamvua kubwa zaidi za mwaka huja karibu na Machi na Septemba, usiku na mchana vinapolingana. Jedwali la maji la Mombasa huchapishwa mapema, kwa hiyo siku zinajulikana. Pelekeni wapimaji wa kila kaunti, na vijana wa vikundi vya ufuo wanaojua vijito, wasimamishe vijiti pale maji yanapoishia, wavisome kwa GPS kabla hayajatoka. Msitegemee picha za setilaiti peke yake. Setilaiti hupita kwa saa yake, na bamvua ina saa yake. Kwa mradi mzima hamtahitaji mkandarasi wala ufunguzi wenye hema. Mimi nitakuja kwa nauli yangu, na ruhusa ya kutumia mashine ya ofisi nimeshaiomba. Ninachohitaji kutoka kwenu ni barua ya kuingia kwenye maeneo yaliyozungushiwa ua, na mstari mmoja mpya kwenye fomu ya upimaji wa ardhi ya pwani: maji yalifika wapi siku ya bamvua, na nani aliyeyaona.

Wenu,
Mpima ardhi, Umoja, Nairobi